Namna ya Kushindwa Kitendawili Redioni na Bado Ukasalimiwa Sokoni

Simu imeita, imepokelewa, na sasa unasikika kuanzia Songea hadi mwambao wa Ziwa Nyasa. Mtangazaji anasema, "Kitendawili!" Wewe uko Litumbandyosi, umesimama juu ya kichuguu ulichokipanda kutafuta mtandao, na kichwani hakuna kitu. Tulia. Usikate simu. Anayekata simu ndiye anayetaniwa kilabuni mwezi mzima. Anayeshindwa vizuri huitwa kwa jina lake la redioni mpaka msimu wa kahawa upite.

Kushindwa vizuri kunafundishika, na kuiba jibu kunafundishika zaidi. Soma, shika, na usimwonyeshe jirani yako kabla ya kipindi kijacho.

1. Iba mapema, na uibe nyumbani

Wako watakaokuambia kitendawili hupima akili. Waache. "Popo mbili zavuka mto." Jibu ni macho. Hata uwe na shahada tatu, hilo hulifikii kwa kufikiri. "Kuku wangu katagia miibani." Jibu ni nanasi. Ukisema ndimu una hoja nzuri kabisa, maana mndimu nao una miiba, na bado umekosa. Kitendawili hujibiwa na aliyewahi kukisikia. Ndiyo maana mtoto wa darasa la pili anayelala kwa bibi yake humwangusha mhadhiri mchana kweupe.

Kwa hiyo mtafute bibi. Si lazima awe wako. Nenda jioni, akiwa na ungo wa maharage mapajani. Usimwambie, "Bibi, nifundishe vitendawili." Atakujibu kwamba hajui kitu, na kwamba ana kazi. Shikamoo kwanza, kisha kaa chini, vuta ungo, chambua naye. Chambua taratibu, ukiacha kijiwe kimoja kimoja akione, apate la kukusahihisha. Akishazoea kukusahihisha, tega kimoja chepesi, hata hicho cha nyumba yangu haina mlango, halafu jifanye jibu limekutoka. Bibi hawezi kuvumilia kitendawili kining'inie hewani. Atasema, "Yai, mjukuu wangu," kwa sauti ya kukuhurumia. Kisha atatega chake. Kisha kingine. Ukiwa na bahati atamwita mwenzake wa nyumba ya pili waje wabishane jibu la kitendawili kimoja, na hapo umefika hazinani. Kazi yako ni kusema "Tega!" na kukumbuka. Kalamu usiitoe. Mbele ya kalamu mtu mzima huanza kuchagua maneno, na vile vitendawili vitamu, vyenye harufu kidogo, humezwa.

Chagua usiku. Sehemu nyingi za nchi hii wazee walikataza vitendawili mchana, maana mchana ni wa jembe, na anayejua kuchimba ngolo, yale mashimo ya kulimia, kwenye milima ya Umatengo anaelewa kwa nini. Maneno yalisubiri moto uwashwe.

Kama bibi hayupo, mtafute mtu mwenye mvi aliyekua akisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam. Hao walilelewa na Mama na Mwana, kipindi cha hadithi cha Debora Mwenda, enzi ambazo betri zikichoka zilianikwa juani juu ya bati ili zipate nguvu ya kufika jioni. Mtu aliyeanika betri kwa ajili ya hadithi hajasahau hadithi hizo. Mwanzishie moja tu uone.

2. Weka majibu ya akiba

Hapa nakupa siri ambayo mabingwa wa kupiga simu hawaitoi bure. Vitendawili vingi vya Kiswahili huzunguka uwanja mdogo: mwili wa mtu, chakula, nyumba, mbingu. Ukisikia neno fulani, mkono wako uwe tayari umeshika jibu.

Ukisikia "wanangu wawili" au kitu chochote kilicho jozi, fikiria macho, miguu, au mlango wa mbao mbili. "Wanangu hugombana mchana, usiku hupatana" ni huo mlango.

Ukisikia "Mzungu", usihangaike na ubalozi. Tafuta kitu cheupe au kilicholetwa na meli. "Mzungu katoka Ulaya mkono kiunoni" ni kikombe, na ukikitazama kikombe chako cha chai sasa hivi utaona kweli ameshika kiuno.

Ukisikia "babu", tazama juu. "Blanketi la babu lina chawa" ni mbingu na nyota zake. Ukisikia kitu kinachokufuata, ni kivuli. Kitu kirefu kisichofunga mzigo ni njia. Anayepigwa watu wakacheza ni ngoma. Kitu kinachokula kisishibe ni moto.

Ukipotea kabisa, sema "kivuli". Hukosi kupata mara moja moja, na hata ukikosa linasikika kama jibu la mtu aliyefikiri.

3. Nunua muda

Redioni ukimya wa nusu dakika ni mrefu kuliko mahubiri. Usiuache. Mtangazaji ana njia zake za kuujaza, na zote zinakuaibisha. Ujaze wewe.

Njia ya kwanza ni redio yako mwenyewe. Iache iendelee kuongea karibu na simu. Sauti itatoka kwenye spika, itaingia kwenye simu, itakwenda studio, itarudi tena kwenye spika, na hewani utatokea mvumo. Mtangazaji lazima aseme, "Msikilizaji, punguza sauti ya redio yako." Hapo umepata sababu ya kuondoka kwenye simu. Kwenda kupunguza sauti ni hatua tano. Kurudi ni tano. Na njiani yupo shemeji yako anayelijua jibu.

Njia ya pili ni salamu, nayo ndiyo mfalme wa zote. Anza: "Mtangazaji, kabla sijajibu, naomba niwasalimu." Hakuna mtangazaji wa Tanzania atakayekuzuia. Nchi hii ilitumiana salamu redioni kwa kadi miaka na miaka. Watu walinunua kadi, wakajaza majina ya ndugu waliotawanyika kuanzia Tunduru hadi Tarime, wakasubiri redioni kusikia yakisomwa. Salamu redioni ni haki ya msikilizaji. Basi itumie. Wasalimu wa Litumbandyosi wote, wasalimu wa Mbinga mjini, wa Kitai, wa Litembo, vuka uende Liuli na Mbamba Bay, umsalimie mjomba aliye Makambako. Kila jina ni pumzi moja ya kufikiri. Wataje kwa upendo wa kweli, maana wanasikiliza, na utakayemruka atakukumbusha kwenye msiba ujao.

Njia ya tatu ni "Haloo? Haloo? Sikusikii vizuri." Itumie mara moja tu. Ya pili watu wanaijua.

Na tafadhali usitumie ile ya kufungua intaneti huku simu iko sikioni. Watu husikia vidole vikigonga kioo. Tena utakachokuta huko ni vitendawili ishirini vilevile vinavyozunguka, na mtangazaji amevitoa humohumo.

4. Kwenye vitanzandimi, cheka mwanzo

Wakikupa "Katibu Kata wa Kata ya Mkata alikataa katakata kukatakata miti", jua kwamba hakuna aliyezaliwa akiweza. Ulimi hukwama panapokutana ka na ta zilizopandana. Ikate sentensi vipande vitatu na uweke pumzi kila kipande. Sema polepole kama unatangaza matokeo ya uchaguzi. Watu huchukulia upole kuwa ni ustadi.

"Wale wa Liwale wala wali wa Liwali" ni mbaya zaidi kwa sababu inaonekana fupi. Anza kwa kicheko. Ukicheka kabla ya kukosea, kosa linakuwa sehemu ya kicheko. Ukicheka baada ya kukosea, umekubali umekosea.

5. Kwenye kugeuza maneno, shika silabi

Siku hizi vipindi vingine hutaka ugeuze neno: toa neno ambalo likigeuzwa linaleta neno jingine. Mgeni hugeuza herufi, akaishia kutamka vitu vya ajabu. Wewe geuza silabi, maana ndivyo masikio yetu yanavyokata neno. Watu wa pwani waliwahi kuwa na mchezo mzima wa kuongea hivyo, kinyume, ili wasioujua wasielewe.

Weka mfukoni hizi. Taka ni kata. Tema ni mate, na hiyo peke yake inatosha kukupa makofi. Mali ukiigeuza inakuamrisha: lima. Mkulima wa kahawa akiitoa hiyo hewani, studio nzima itanyamaza.

Na wakikuuliza neno lisilobadilika hata uligeuze, wape ukoo wako: baba, mama, kaka, dada, bibi. Wote hubaki walewale. Babu yeye hugeuka akawa buba. Kwa hili sikufundishi udanganyifu wowote. Ni lugha yenyewe imelala hivyo, na ni tamu mno kuiacha iwe ya watu wa vyuoni.

6. Bisha mara moja, kwa adabu

Umejibu, na mtangazaji amesema umekosa. Ngoja. Pima jibu lako. Vitendawili vingi vina majibu zaidi ya moja yanayokaa vizuri. "Mama hachoki kunibeba": wako wanaosema kitanda, wako wanaosema ardhi. "Kila niendapo ananifuata" kwa mwingine ni kivuli, na kwa mwingine ni inzi, hasa kama amebeba dagaa.

Uani kwa bibi, jibu la pili lingejadiliwa. Wazee wangeligeuza, mmoja angesema linafaa, mwingine angekataa, na mara nyingine mtegaji angesalimu amri. Redioni kuna karatasi, na karatasi ina jibu moja. Hapo ndipo nakutaka usimame kidete. Sema: "Mtangazaji, sisi huku kwetu jibu ni hili, na sababu yake ni hii." Toa sababu kwa sentensi moja. Ikikubaliwa, umeshinda. Ikikataliwa, wasikilizaji wamebaki wakibishana nyumbani, na jina lako limo katikati ya ubishi huo mpaka usiku.

Usibishe mara ya pili. Ya pili ni ugomvi.

7. Toa mji

Sasa tufike penyewe. Umeishiwa. Kivuli umekisema, mjomba umemsalimu, shemeji naye hajui. Wengi hapa hujikanyaga, wakasema "dah, nimeshindwa", wakakata. Hilo ni kosa kubwa, kwa sababu waliotuachia vitendawili walijua kuna watakaoshindwa, wakaweka mlango mzuri wa kutokea. Mshindwa hutoa mji.

Mtegaji husema, "Nipe mji." Wewe humpa. Yeye hupokea, akasema amefika katika mji ule, akaeleza alivyopokewa na alivyokula, kisha ndipo atoe jibu. Tazama heshima iliyomo. Hujui kitu, lakini una miji ya kugawa! Aliyekushinda anageuka mgeni wako. Mchezo unaendelea, na aliyeshindwa ametoka akiwa tajiri.

Kwa hiyo jifunze kutoa mji. Usitoe haraka, utaonekana ulikuwa unautafuta mlango. Usitoe mji wenu. Litumbandyosi usiigawe, maana utarudi wapi ukishakata simu? Usianze na Dar es Salaam pia. Ni mji unaotolewa na kila mtu, na mtegaji ameshaupata mara nyingi kiasi kwamba ataukataa. Ndiyo, ana haki ya kuukataa. Akisema "huo sitaki", usinung'unike. Ongeza.

Mimi nakushauri uanze na mji unaoujua vizuri, ili uusifie. Sema, "Nakupa Mbamba Bay." Kisha mweleze unachompa: ziwa lote mpaka macho yanapochoka, usipa ulioanikwa mchangani, mbasa wa kuchoma, na lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga ili asifike amechoka. Akiwa mtegaji wa kweli atapokea na kutamba: amefika, amepewa kiti, amekula, ameshiba. Wasikilizaji wa mwambao watapiga kelele nyumbani kwao kwa furaha, kwa sababu mji wao umetajwa redioni na haukutajwa kwa sababu ya mafuriko.

Akikataa Mbamba Bay, panda hadi Songea. Songea ni makao makuu ya mkoa, hakuna aibu kuipokea. Akikataa na hiyo, mpe mji wa upande wa pili wa ziwa, mwambie avuke mwenyewe.

Kuna mtego mmoja. Watangazaji wengi vijana hawajui kuomba mji. Ukishindwa, wanasoma jibu, wanasema asante kwa kushiriki, wanaweka wimbo. Usikubali. Sema wewe: "Mtangazaji, hujaniomba mji." Sema kwa upole, kama unamkumbusha mtu chenji yake. Atacheka, ataomba, na kuanzia hapo kipindi kizima kitabadilika. Anayefuata naye atatoa mji, na wa tatu, na kabla ya taarifa ya habari mkoa wa Ruvuma utakuwa umegawanywa wote na watu wasiomiliki hata kiwanja.

8. Ukishindwa, tega chako

Hatua hii ni ya wenye kiburi, na natumaini wewe ni mmoja wao. Mji umeshatolewa, jibu limeshasomwa, na kabla simu haijakatwa unasema, "Na mimi nina changu." Hakuna mtangazaji anayeweza kukataa mbele ya wasikilizaji.

Usitege cha nyumba isiyo na mlango. Tunga. Kitendawili hutungwa kwa kukitazama kitu kilicho mbele yako mpaka kikageuka kingine, na sisi huku tuna vitu ambavyo waliotunga vile vya pwani hawakuwa navyo machoni. Wao walikuwa na minazi, majahazi na mikoko. Sisi tuna milima ya Umatengo iliyochimbwa ngolo. Basi sema: "Nimechimba mashimo mlima mzima, sikuzika mtu." Tuna kahawa. "Nyumba nyekundu, ndani wamelala mapacha." Ukiwa umewahi kuminya tunda la buni likakurushia punje mbili kiganjani, hukosi. Tuna ziwa: "Shuka la bibi halinyooki hata ulipige pasi." Na kwa wale wa zamani: "Mimi juani hudhoofika, yeye juani hupata nguvu." Betri, ndugu yangu. Ile iliyokuwa ikianikwa juu ya bati.

Hivyo vinne nimevitunga mwenyewe na nakupa bure. Vitumie, vibadilishe, sema ni vya babu yako, mimi sitabisha. Kitendawili kikishatoka mdomoni hakina mwenyewe. Lakini tunga na cha kwako, maana mtangazaji wa Songea hana jibu lake kwenye karatasi. Kwa mara ya kwanza usiku huo yeye ndiye atakayekwama, na wewe, uliyekuwa umeshindwa dakika mbili zilizopita, ndiye utakayesema, "Nipe mji."

Neno la mwisho ni kwenu watangazaji wa chemsha bongo, wa Songea na kokote mliko. Msiwakatie simu wanaoshindwa. Ongezeni dakika moja kwenye kipindi, waombeni mji, na mwende huo mji mkaeleze mlivyopokewa. Wasikilizaji wenu wana miji ya kutosha.